Ukoo wa Bi Tatu, Ng'ambo

Shangazi Mwaju: Assalamu alaykum wanangu. Hitma ya bibi Jumapili. Mchele upo, mbuzi bado, na ile historia ya bibi ya kusomwa haijaandikwa. Zuhura uko wapi

Shangazi Mwaju: Zuhura naona tiki za bluu

Hamisi: kwani mbuzi wa mwaka ule aliishia wapi 😂😂

Mama Nasri: Hamisi tusianze

Zuhura: Shikamoo shangazi, nilikuwa kliniki na mtoto. Wiki hii nimebanwa kweli, redio wanataka vipindi viwili vya mchezo kabla ya ijumaa, mchapishaji kaleta prufu, halafu kuna tafsiri ya mwongozo wa mizinga ya nyuki na hiyo ndo inalipa ada, maana mrabaha wa vitabu unakuja mara moja kwa mwaka na ukija unaishia kwenye mkaa. Naandika watoto wakilala, umeme ukiwepo

Shangazi Mwaju: Ukurasa mmoja tu mwanangu, wewe si unashinda nyumbani

Zuhura: nashinda nyumbani??

Hamisi: haya shangazi umeyataka 🤣

Idd: da Zu si utume riwaya tuzo ya Mwalimu Nyerere, mshindi wa kwanza milioni 10, tutachinja ng'ombe kabisa

Zuhura: Idd riwaya imekwama sura ya nne. Na tusemezane, risala ya harusi ya Salma niliandika mimi akashukuriwa MC. Barua za kiwanja cha Isevya mimi, nauli ya baraza la ardhi mimi

Shangazi Mwaju: Kiwanja kimeingiaje hapa

Mama Nasri: 🙆🏾‍♀️

Babu Kanyenye: MWAJUMA. MAREHEMU DADA YANGU KAUZA KARANGA STESHENI MPAKA UZEE. HAKUNA ALIYECHOTA BURE HATA MIMI. HISTORIA NITAISEMA MIMI ZUHURA AANDIKE. NANI ANAKAA NA WATOTO WAKE JUMAMOSI

Shangazi Mwaju: Sawa mjomba

Zuhura: Shikamoo babu. Nitakuja saa nne asubuhi nikurekodi kwa simu, kuandika itakuwa usiku huohuo

Mama Nasri: mi jumamosi niko Nzega

Shangazi Mwaju: Hamisi?

Shangazi Mwaju: Hamisi ulikuwa unacheka hapa sasa hivi

Salma: Jamani ndo naingia, hitma jumapili hii au ijayo

Shangazi Mwaju: Salma soma juu. Na mbuzi bado elfu 40

Hamisi: watoto nitakaa nao ila jioni Simba anacheza, da Zu utakuwa umerudi?