Mbuzi mzee wa Hombolo: je, matunda hurefusha maisha ya wanyama?

Mkulima wa Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Nalima zabibu hapa Hombolo na nyuma ya nyumba nafuga mbuzi wachache. Miongoni mwao yupo jike wa miaka 13 ambaye kila mavuno hula zabibu zilizopasuka pamoja na makapi yanayobaki tukishakamua mchuzi, na hadi leo anaongozana na kundi, ilhali aliozaliwa nao walikwisha siku nyingi. Jirani yangu anashikilia kwamba ganda la zabibu lina dawa ya kuzuia uzee. Je, yana ukweli hayo, au tunalisingizia tunda?

Mwalimu wa Baiolojia, Chamwino
Ndugu mkulima, jirani yako hakubuni. Katika ganda la zabibu imo kemikali iitwayo resveratroli, na mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba panya waliolishwa mafuta mengi walichelewa kufa walipopewa kemikali hiyo. Wengi huishia kusoma hapo. Panya wenye afya, waliokula chakula cha kawaida, hawakuongezewa umri walipopewa kemikali ile ile, na mpango wa Marekani unaorudia kila jaribio la namna hii katika maabara tatu tofauti nao haukuona nyongeza yoyote. Isitoshe, kiasi walichopewa panya wale kwa kila kilo ya uzito kilikuwa kikubwa mno, hata mbuzi wako angelazimika kula kwa siku zabibu nyingi kuliko tumbo lake linavyoweza kubeba.

Kwa wadudu habari ni nzuri kidogo: nzi wa matunda waliochanganyiwa dondoo ya tufaha katika chakula waliishi takribani asilimia 10 zaidi. Lakini nzi huyo huyo akizidishiwa sukari hufa mapema, na tunda huja na vyote viwili.

Mimi hupenda kumtazama popo. Hapa kwetu wapo wanaoishi kwa matunda na maua ya mibuyu, na mtu angeweza kudhani ndiyo siri ya umri wao mrefu. Kumbe aliyevunja rekodi ni popo mdogo wa Siberia, mwenye uzito wa gramu 7 hivi, aliyekamatwa tena miaka 41 baada ya kuwekewa alama, naye hula wadudu tu.

Afisa mifugo, Kongwa
Nakubaliana na mwalimu, ila naomba umfungue mbuzi huyo mdomo. Meno manane ya mbele, ambayo mbuzi anayo chini tu, hukamilika akiwa na miaka minne hivi, na baada ya hapo huanza kulika na kuvunjika. Mbuzi wa kwetu anayeokoteza majani makavu na mchanga kiangazi chote hubaki kibogoyo mapema, hudhoofu, kisha huuzwa au huchinjwa kabla uzee wenyewe haujamfikia. Wako amekula laini na hakulala njaa. Pengine hata kisu kilimkosa kwa sababu mmemzoea!

Makapi mpe kidogo kidogo juu ya majani makavu, kwani sukari nyingi kwa mkupuo huchachusha tumbo la mbuzi na inaweza kumuua. Mbwa asionje kabisa. Zabibu humharibu figo.

Mkulima wa Hombolo
Ahsanteni, walimu wangu. Nimemshika jioni hii, mwanangu akimulika kwa tochi ya simu: meno sita yapo, marefu na yamesimama, mawili ya pembeni yamekatika. Beberu wangu wa miaka 7, ambaye hushinda malishoni na hajui makapi, amebakiwa na matatu. Ndoo ya makapi nimeshaihamishia ghalani, maana mbwa ndiye aliyekuwa akilala pembeni yake.