Baada ya keki ya mahafali mpaka kuripoti form one: wazazi, walimu na mliopita huko tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu.

Msimu ndo huu, la saba wakimaliza mtihani wao Septemba, form four wanafuata Novemba, kila wikiendi kuna mahafali mahali fulani, MC anapiga kelele, mgeni rasmi kachelewa masaa matatu na watoto wapo juani na majoho yao. Mi nimeletewa bahasha ya mchango ya chekechea, mtoto wa miaka mitano "anahitimu", haya jamani. Sina ugomvi na sherehe, nacheza kwaito mpaka kiatu kinakatika, ila kuna kitu naona hatukiongelei. Kamati ya mahafali inakaa vikao miezi, keki, fulana za wahitimu, mziki, mpiga picha, zawadi ya mwalimu mkuu. Keki ikishakatwa kamati inavunjwa, na mtoto ndo kwanza anaingia kwenye kipindi kigumu, toka Septemba mpaka Januari hana shule, yuko nyumbani anasubiri matokeo ya NECTA (baraza la mitihani), anasubiri majina ya TAMISEMI ya nani kapangiwa shule gani, afu Januari anaamka yuko sehemu ambayo karibu kila somo ni Kiingereza, ukitoa Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili, na miaka saba yote (naongelea shule zetu za serikali) amesoma kwa Kiswahili. Wengine ndo wanaenda bweni hawajawahi kulala nje ya kwao hata kwa shangazi.

Hapo katikati kila mzazi anapambana kivyake. Naomba tupeane uzoefu, ilikuwaje kwako au kwa mwanao, nini kilisaidia, nini kilikuwa kupoteza hela. Wa kwangu anaingia Januari.

*

Mama wa watatu, Morogoro:

Mi wa kwangu wa pili ni kinyume na unavyosema mkuu. Alisoma inglish midiam toka chekechea, Kiingereza kwake hakina shida hata kidogo, akachaguliwa bweni ya serikali nikasema sawa ada hamna aende. Joining ikaja, ile karatasi ya shule ya maelekezo na mahitaji, nikaanza kusoma: godoro futi mbili na nusu, tranka, ndoo mbili zenye mfuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, shuka za rangi waliyotaka wao. Nikanunua vyote nikatiki, nikajiona mzazi hodari. Siku moja kabla ya safari tukaenda kunyoa, maana alikuwa na nywele ndefu toka mdogo, pale saluni alilia mpaka fundi akazima mashine akatuuliza kama tuna uhakika.

Sasa mambo ambayo joining haiandiki. Mtoto alikuwa hajui kufua sketi ya shule kwa mkono ikatakata, nyumbani kuna dada. Hajui kuoga kwa ndoo moja na kubakisha ya kufulia. Hajui kuamka saa kumi na moja bila kuamshwa mara nne. Wiki za mwanzo simu ya matroni ikilia tu moyo unaruka. Aliyefuata alipomaliza la saba nilimwanza Oktoba hiyohiyo, nguo zake anafua mwenyewe, maji yake anapima mwenyewe, dada nikamwambia usimguse, na huyo hakunisumbua. Jingine ni kufuli, nunua mbili, funguo za akiba mpe matroni na jina limeandikwa, watoto wanapoteza funguo wiki ya kwanza afu tranka linavunjwa na hapo ndo vitu vinaanza kuondoka. Na padi weka nyingi kuliko unavyodhani, kuna wenzake ambao hawana na atawagawia tu.

*

Mwalimu wa shule ya kata, Tanga:

Niongee kama ninayewapokea hao watoto. Wiki za mwanzo za form one zimewekwa kwa ajili ya kuwavusha kwenye lugha, kuna kozi ya awali ya Kiingereza kabla hujaingia kwenye silabasi. Kwenye karatasi iko vizuri. Shida yenyewe ni kwamba Januari shule inapofunguliwa darasani una nusu ya majina, wengine wanaripoti Februari, wengine Machi, kwa hiyo kozi unaifundisha kwa nusu darasa na wakifika waliobaki wewe ushaanza Bayolojia. Na hao wanaochelewa ndo hasa waliokuwa wanaihitaji.

Ukiuliza kwa nini wamechelewa, asilimia kubwa ni sare. Mzazi hajapata hela ya sketi na sweta anaona aibu kumleta. Serikali imeshasema mara nyingi mtoto apokelewe hata na sare zake za msingi, na mi nawapokea, mtoto akija na kaptula yake ya la saba karibu kaa. Lakini mzazi haji kuuliza, anasubiri mpaka akamilishe.

Darasani sasa. Kila mwaka nampata mtoto wa aina moja, alikuwa wa kwanza shule yao ya msingi, mahafali alisoma risala mbele ya diwani bila kusita, ukimuona pale kwangu kanyamaza kabisa, hanyooshi kidole, ukimtaja jina anasimama anasema yes sir anakaa. Jibu analo ila lugha ndo imemziba mdomo. Nilichokuja kufanya mimi, somo likianza natoa maswali kwa Kiswahili kwanza dakika chache, anayejua aseme, afu lile jibu tunalipeleka Kiingereza wote pamoja ubaoni na kila mtu analinakili kwenye daftari dogo la maneno. Mkaguzi anaweza asipende, sijali, maana mwezi wa tano hao watoto wanaandika sentensi zao. Mzazi ukitaka kusaidia kwenye hiyo miezi ya kukaa nyumbani, achana na kumkaririsha mada za Fizikia. Mpe kitabu chepesi cha hadithi cha Kiingereza, asome kwa sauti jioni hata kama wewe huelewi, msikilize tu.

*

Baba, Dodoma:

Mwalimu umegusa penyewe. Pre form one, yale masomo ya kujiandaa kabla ya kuripoti, nililipia mwanangu toka Oktoba, walimu vijana wapo vizuri ila wanafundisha mada za form one zote, anakariri definisheni hajui hata neno moja humo linasema nini. Januari akawa anajiona ameshasoma kila kitu, hasikilizi darasani, mtihani wa muhula akaanguka. Kama kituo kinafundisha lugha na hesabu za msingi lipa, kama kinakimbiza silabasi okoa hela yako ununulie godoro zuri.

*

Kijana, nimemaliza form four juzi:

Ngoja niwape ya bweni toka ndani. Form one wanaitwa njuka na ukifika tu unajulikana, tranka linang'aa, sare ina mistari ya dukani bado, unashika sahani kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilipewa deki ya bweni zima, nikapiga, nikadhani nimemaliza kumbe ile ilikuwa salamu tu. Foleni ya msosi njuka yupo mwisho, kuna siku unafika kwenye sufuria maharage yameisha imebaki mchuzi unaona mpaka chini. Ndo unajifunza pasi ndefu, unakunywa uji asubuhi unakutana na ugali jioni.

Kilichoniokoa ni kaka mmoja wa form three anatoka wilaya ya kwetu, alinikuta nimekaa nyuma ya bweni nimenuna akaniuliza unatoka wapi nikamwambia, basi toka siku hiyo nikawa nakaa naye prepo (kujisomea usiku), akanionyesha daftari zake, mwalimu gani ukichelewa anafunga mlango, bomba lipi linatoka maji usiku. Hamna aliyempangia hiyo kazi. Sisi tulipofika form three tukamwomba patroni kila mkubwa apewe njuka wake wa kumwangalia kwa muhula mmoja, akakubali, ingawa wapo waliowageuza wafuaji wa soksi zao, patroni akawanyang'anya. Kwa hiyo mzazi ukimpeleka mtoto usimkabidhi kwa mwalimu wa malezi tu ukaondoka, zunguka bwenini, tafuta mkubwa mmoja mwenye adabu, ongea naye dakika tano, hiyo ni zaidi ya biskuti zote utakazofungasha.

*

Mjomba, Singida:

Naona sherehe inasemwa sana humu, naomba niitetee. Dada yangu hakusoma, anauza mbogamboga. Mwanawe hakuwa na akili za darasani tuseme ukweli, hakufaulu kwenda sekondari, ila siku ya mahafali aliitwa mbele akapewa zawadi ya usafi, ndoo na daftari, mama yake alitupa khanga chini mtoto apite juu. Kile cheti kimewekwa fremu mpaka leo. Nyie mnaona mahafali ni utangulizi wa form one, kuna watoto ile ndo siku yao ya mwisho shuleni na ndo mara yao pekee kupigiwa makofi na watu mia tatu. Na risala nazo zina kazi, ya mwaka ule walisoma kwamba matundu ya vyoo hayatoshi, mgeni rasmi akaahidi saruji, watu wakacheka wakijua ni ahadi za jukwaani, saruji ikaja.

*

Mama wa watatu, Morogoro:

Mjomba hiyo ya khanga imenitoa machozi. Ila na wewe ungeona niliyoyaona mimi shule fulani, mchango elfu sitini, ambaye hajalipa hana fulana na haruhusiwi kukaa kwenye viti vya wahitimu. Watoto wanne walisimama dirishani wanaangalia wenzao wanalishwa keki. Hao nao walisoma miaka saba. Sherehe sawa, ila kuwe na kiwango ambacho hata muuza mbogamboga anafika, na asiyefika avae sare yake akae na wenzake.

*

Mjomba, Singida:

Hapo sikupingi dada.

*

Mdada, Mwanza:

Na sisi tunaorudi mnatuweka wapi? Mi nilipata ujauzito nikiwa form two, miaka hiyo ukishapata ndo basi. Waraka wa kuruhusu turudi kwenye mfumo wa kawaida ulipotoka Novemba 2021 mama akanipeleka, mtoto nikamwacha kwake. Siku ya kwanza niliingia darasa la wadogo zangu, kuna mmoja tunasali kanisa moja na mimi ndo nilikuwa namfundisha kwaya. Hakuna aliyenitukana, ila hakuna aliyekaa karibu yangu pia. Kilichofanya nisikate tamaa ni mwalimu wa Jiografia, aliniuliza mbele ya wote swali nikajibu, akasema endelea, nikaendelea. Basi. Baada ya hapo wakaanza kuniomba daftari. Nimemaliza, nina cheti, mahafali yangu mwanangu alikuja na suti.

*

Mzazi, Dar:

Msisahau form five, ile nayo ni pengo jingine, mtihani Novemba, matokeo Januari, kuripoti Julai. Zaidi ya nusu mwaka kijana yupo kwenye kochi. Wa kwangu aliletewa tahasusi (kombi ya masomo) asiyoitaka na shule ipo mkoani mbali, mpaka leo anasema mi ndo nilimchagulia. Matokeo yakitoka ingieni Selform, ule mfumo wa TAMISEMI wa kuchagua tahasusi na shule, mapema mhakiki, dirisha la kubadili huwa linafunguliwa na likifungwa limefungwa. Angalau ada haipo tena form five na six toka 2022, na safari imepungua makali, treni ya SGR mpaka Dodoma afu basi, zamani ilikuwa unaamka saa tisa usiku kwenda stendi. Mizigo tu ndo kazi, tranka kwenye treni wanakuangalia vibaya.

*

Aliyeanzisha:

Nashukuruni sana, nimeshaanza na kufua, jana kafua shati lake limetoka na ramani ya sabuni mgongoni. Mwalimu wa Tanga, hilo daftari la maneno unawapa wewe au wanakuja nalo?

*

Mwalimu wa shule ya kata, Tanga:

Wanakuja nalo, kauntabuku ndogo inatosha, ukikosa hiyo gawanya daftari la kawaida. Aanze sasa hivi, maneno matano kwa siku, ayachukue kwenye hicho kitabu cha hadithi, yasiwe ya kukariri kwenye kamusi.

*

Baba, Dodoma:

Swali la pembeni kwa walimu. Kwa mtaala huu mpya msingi inaishia la sita, kwa hiyo 2027 la sita na la saba wanamaliza mwaka mmoja, ina maana Januari 2028 vyumba mara mbili, madawati mara mbili, na mafundi tranka wa Majengo hapa watajenga maghorofa. Wa kwangu wa mwisho yumo kwenye hilo kundi la sita. Huko mashuleni mnaambiwaje?

*

Mwalimu wa shule ya kata, Tanga:

Kwetu madarasa yanajengwa, nayaona kwa dirisha la ofisi. Walimu wa kuingia humo ndo tunaulizana. We tranka nunua mapema.