Tupeane uzoefu: siku baiti zilipojifanya maandishi

Mleta mada (Mji Mkongwe)
Asalaam aleikum jamani. Juzi dereva wa hoteli ninayoiandikia programu kenda uwanja wa ndege na karatasi imeandikwa "MÃ¼ller". Mgeni mwenyewe kasimama pembeni yake, hata hakujijua kuwa ni yeye. Jina ni Müller. Ile ü kwa UTF-8, njia ya leo ya kuandika herufi kwa baiti (namba ndogo ndogo za kompyuta), ni baiti mbili, C3 na BC, na programu yangu ilizisoma kwa jedwali la zamani la Windows, kila baiti ikawa herufi kivyake.

Kosa langu nilijaribu kwa majina ya kwetu tu. Juma, Asha, Khamis, yote yamo kwenye alama 128 za ASCII, jedwali la kale ambalo yote mawili hayo yamelirithi, ukiyakoroga vyovyote yanatoka salama. Kiswahili kinatudekeza! Sasa nauliza: lugha ya programu ituachie tuchanganye baiti na maandishi, au itukatalie mapema? Nani mwengine limemkuta?

Mpemba wa Wete
Waaleikum salaam. Kinatudekeza mpaka ufike kwenye ng'ombe. Nilikuwa natuma ujumbe wa simu kwa wafugaji, maneno nimenakili kutoka Word, na Word ishakipinda kile kikoma cha juu kikawa ’. Alama hiyo haimo kwenye jedwali la kawaida la simu, lile linaloruhusu ujumbe wa herufi 160, basi ujumbe mzima unahamishiwa kwenye jedwali jengine, mwisho herufi 70, na ukigawanywa kila kipande 67. Ujumbe wangu wa herufi 140 ukawa vipande vitatu. Salio likaisha kabla ya nusu ya orodha, bosi akaniangalia kama mwizi.

Fundi Chake
Mie picha za wanafunzi wa skuli. Lugha ya programu Python 2, kwenye Windows, nikafungua faili kwa 'w' (ya maandishi) badala ya 'wb' (ya baiti). Kila baiti 0A ikatanguliziwa 0D, kwa kudhaniwa mwisho wa mstari. Picha zote zikafa. Nyumbani programu ile ile nikiiendesha kwenye Linux inatoa picha nzima, wiki nzima nalaumu flashi! Python 3 ingenigomea pale pale: hapa pa maandishi, wewe unaleta baiti. Kumbe waliotunga PNG, aina moja ya faili la picha, walilijua hili, ndio maana faili lake linaanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, ili likichezewa hivyo lijulikane mwanzo tu.

Mwani Paje
Msiisifu sana hiyo Python 3. Ilitoka 2008, na watu waling'ang'ania ya 2 mpaka msaada ulipokatwa 2020. Hawakuwa wavivu wote. Mzani wetu wa mwani unatuma uzito kwa waya, baiti tupu. Nikasahau kuzigeuza, na lugha haikunikatalia hata kidogo, risiti ikatoka na b ya baiti: *Uzito: b'24.5'*. Bi mkubwa mmoja kaniuliza, "Mwanangu, hii b ndio daraja mlilonipa mwani wangu?" Nimehamia lugha nyengine, Go. Kamba ya herufi kule ni baiti tu, hakuna kudanganyana.

Mleta mada
Hapo kwenye b umenipata. Lakini Go ukiiuliza urefu wa سلام itakwambia 8, na herufi ni nne. Kata majina ya Kiarabu ya madrasa kwenye baiti ya 15 uone herufi inavyoweza kupasuliwa katikati. Na ile Python yako iwashe na -bb, chaguo la kuikataza kugeuza baiti kuwa maandishi kimyakimya, siku ya pili badala ya risiti utapata kosa.

Mwani Paje
-bb? Miaka yote hii hamkuniambia?