Mzee ana stenti, lehemu imeshuka ila kitambi na presha vinapanda. Nimwingieje?

Binti Tandika: Habarini wakuu. Baba ana miaka 59. Mwaka 2021 alipata shambulio la moyo, akawekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe. Fegi aliacha siku ile ile, dawa alimeza kwa saa. Sasa lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, iko vizuri, na hilo ndilo linalomponza: anasema kapona. Jioni yuko kijiweni na chipsi mayai, suruali hazifungi. Juzi presha 162/96, na kliniki wamesema sukari imeanza. Dawa ya presha anameza mpaka kichwa kimuume. Nikisema, ananiita mama mkwe.

Chuma Chakavu: Kitunguu swaumu na tangawizi asubuhi. Utanishukuru.

Nesi Kigamboni: Kitunguu kikae kwenye mchuzi, Chuma. Binti, baba yako hayuko peke yake. Ulaya walipima wagonjwa wa moyo kwa awamu 3 katika nchi 8, kuanzia miaka ya 1990 hadi 2007. Wenye lehemu ya juu walishuka kutoka asilimia 94 hadi 46, vidonge vilifanya kazi. Lakini wanene walipanda kutoka 25 hadi 38, wenye kisukari kutoka 17 hadi 28, na presha haikushuka: karibu 6 kati ya 10 ilikuwa juu. Kidonge cha lehemu hakiondoi kitambi. Na stenti imefungua sehemu moja tu, mishipa mingine ni ile ile. Dawa ya presha ni ya kila siku, hata kichwa kikiwa chepesi. Hiyo 162 airudishe kliniki wiki hii.

Babu Zakhem: Mimi ninazo stenti 2. Wanangu walinikataza kila kitu, nikawa nakula kwa kujificha kama mtoto wa darasa la pili. Kilichonirudisha ni mashine ya presha. Napima mwenyewe, naandika kwenye daftari. Namba haina mdomo, huwezi kugombana nayo. Na alfajiri kijana wangu ananipitia, tunatembea hadi Rangi Tatu.

Binti Tandika: Shikamoo babu. Mashine ninunue ipi?

Nesi Kigamboni: Ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kwenye kifundo cha mkono. Akae dakika 5 kwanza, asiongee.

Babu Zakhem: Marahaba. Usimpe kama zawadi, atashtuka.

Binti Tandika: Nitasema ni yangu, nimemwomba anisaidie kusoma namba.