Mjadala: Kodi, siasa au mvua? Nini hasa kinawahamishia watu Kigoma na Tabora

Mleta mada

Wakuu, naweka hoja mezani ili ipigwe: kwa mikoa yetu ya Magharibi, kodi haimhamishi mtu. Siasa inamhamisha, mvua inamhamisha, maji ya ziwa yanamhamisha. Habari ya kodi tumeidandia kutoka Marekani.

Kule ina mantiki, kwa kuwa kila jimbo linajipangia kodi yake ya mapato. California kiwango cha juu ni asilimia 13.3. Texas na Florida mshahara haukatwi kodi ya jimbo kabisa, kwa hiyo mtu akihama na kazi yake ileile anabaki na pesa zaidi mfukoni. Ingawa hata huko hesabu ina mitego: Texas inafidia kwenye kodi ya nyumba ambayo ni nzito, na Florida bima ya nyumba imepaa kwa sababu ya vimbunga. Baada ya sensa ya 2020 Texas iliongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambalo viti vyake hugawanywa kwa idadi ya watu, na California ikapunguziwa kimoja, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sasa rudi Kigoma. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inaanza mshahara unapovuka 270,000 kwa mwezi, uwe Kasulu au Kinondoni kule Dar. Kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, uwe Sikonge au Mbezi. Mwenye duka ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya makadirio popote alipo, na wa milioni 4 hadi 7 asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 popote alipo. Mtu atahamaje kufuata kitu ambacho ni kilekile kote aendako?

Anayepinga aje na mfano unaohesabika, tafadhali.

Daftari la Ushuru

Nakupinga, mkuu. Umehesabu kodi za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ukaziruka za halmashauri. Mkulima na mchuuzi wa mazao hakutani na PAYE maishani mwake, anakutana na geti la ushuru.

Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tuseme lori limebeba tani 10 za mahindi, yaani gunia 100 za kilo mia, na bei ya shambani ni 60,000 kwa gunia. Mzigo una thamani ya milioni 6, ushuru ni 120,000, sawa na 1,200 kwa kila gunia. Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Kiuhalisia mnunuzi anaipunguza bei kwa mkulima kabla hajafunga gunia. Halafu kuna ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, ambao maduka mengi ya mjini Kigoma na Tabora wanaujua vizuri kuliko wanavyoijua VAT.

Kiwango cha sheria ni kimoja nchi nzima, sawa. Kinachotofautiana ni jinsi kinavyotozwa. Halmashauri moja inatumia bei halisi ya soko, nyingine inatumia bei elekezi iliyopangwa mwanzo wa msimu na haijaguswa tangu hapo. Bei ikishuka katikati ya msimu, asilimia 2 ya karatasi inakuwa 3 ya kweli. Mchuuzi anaona hilo, na anahamishia kituo chake cha kukusanyia upande wa pili wa mpaka wa wilaya. Hiyo si kuhama kwa sababu ya kodi?

Binti Kaliua

Kaka Daftari, huyo amehamisha stoo. Watoto wake bado wanasoma palepale na kitanda hakijasogea.

Na kuna jambo ambalo wanaolalamikia geti hawalitaji: tangu mabadiliko hayohayo ya 2017, mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Gunia 10 za kilo 100 zinapita bure. Zinazozuiliwa ni za lumbesa, zile zilizojazwa kupita mdomo wa gunia, kwa sababu gunia 10 za lumbesa zikiwekwa kwenye mizani zinavuka kilo 1,000 na mwenye mzigo hana hoja tena.

Mpimaji wa Ujiji

Niwaache na magunia yenu, nizungumzie ziwa, maana hapa ndipo watu wanapoteza nyumba nzima, si shilingi 1,200.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga pale Kalemie, upande wa Kongo. Malagarasi na Ruzizi zinaingiza, Lukuga peke yake inatoa, na mdomo wake hujaa mchanga na magugu. Ndiyo maana mvua kubwa za miaka michache zikifuatana, ziwa linapanda na halishuki mvua zikikatika. Baada ya mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilichukua miaka mingi kurudi. Kuanzia 2020 limepanda tena, na mwaka 2024 lilikuwa juu mno: gati, mialo, nyumba za ufukweni kote kuanzia Bujumbura hadi kwetu ziliingiliwa.

Anayehamia Kigoma kutoka bara haelewi kwamba ziwa pia lina majira ndani ya mwaka. Kilele ni karibu na Mei, chini kabisa ni Oktoba na Novemba. Madalali wanapenda kuonyesha viwanja Oktoba. Ufukwe ni mpana, mchanga mkavu, mnunuzi anafurahi. Kiwanja cha ziwani kionwe Mei.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wanadhani wakizivuka mita 60 wamepona. Mita 60 ni umbali wa mlalo, na maji hayajali mlalo, yanajali kimo. Pale ardhi inapopanda sentimita 2 kwa kila mita, mita 60 zinakupa kimo cha mita 1.2 tu.

Kimo unakipima mwenyewe kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi. Chukua wa mita 15 au 20, ujaze maji taratibu hadi viputo vyote vitoke. Mtu mmoja asimame ukingoni, mwingine mita 10 juu. Kila mmoja apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji kwenye ncha yake. Kipimo cha wa chini toa kipimo cha wa juu, hicho ndicho kimo cha hatua hiyo. Wa chini ahamie aliposimama wa juu, mrudie, mjumlishe hadi mfike kwenye kiwanja. Makosa ni yaleyale siku zote: kiputo kimebaki ndani, mpira umekunjwa, au mtu amepima kwa kamba iliyolegea badala ya futi ya kupimia.

Usianzie kwenye maji ya siku hiyo. Tafuta alama ya juu kabisa iliyoachwa na mafuriko kwenye kuta na miti, uanzie hapo, kisha uweke mita nzima juu yake kwa ajili ya mawimbi ya upepo wa kusini. Chimba pia shimo la majaribio mwezi huohuo wa Mei. Maji yakionekana kabla ya mita moja na nusu, choo cha shimo hakitafaa, kitajaa kwa chini hata kama nyumba iko kavu.

Reli ya Kati

Mpimaji amemaliza kila kitu kuhusu ziwa. Swali langu kwa mleta mada: mbona siasa umeitaja kwa jina tu? Reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ilikuwa uamuzi wa Wajerumani, na mpaka leo miji mingi ya ukanda huu imejipanga kwenye stesheni. SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na madalali wa viwanja wanauza kwa kuitaja.

Mrina Asali

Siasa ya kweli huku kwetu ni mstari wa ramani.

Ugalla ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliingia kwa kibali na kwa msimu. Mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa hairuhusu mzinga wala mgono wa kutegea samaki. Mvua haikubadilika, kodi haikubadilika, miombo inachanua vilevile. Mwenye mizinga 200 ndani ya mstari alibaki na mambo mawili: aihamishe, au aache kazi. Na kuihamisha si mchezo: unahamisha usiku, mlango umezibwa kwa majani mabichi au wavu, na ukiisogeza kilomita moja tu nyuki wakubwa wanarudi kwenye mti wa zamani, inatakiwa kilomita tatu kwenda juu. Kwa hiyo watu wakahama na nyuki wao kabisa.

Ziwani ni hivyohivyo. Nchi nne zilikubaliana kupumzisha Ziwa Tanganyika, uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu mwenye kipe, chombo cha kuvulia, hana cha kuvua. Na si yeye tu: muuza barafu, mwanika dagaa, mbeba ndoo. Wengine huenda mashambani kwa msimu, na baadhi hawarudi.

Mleta mada

Hapo Mrina Asali umeipa hoja yangu nguvu, ahsante. Lakini bado sijaona aliyeonyesha kaya iliyohamisha makazi kwa sababu ya kodi.

Binti Kaliua

Siasa nayo isipewe sifa kupita kiasi. Ulyankulu, makazi ya wakimbizi hapa Tabora, ni ushahidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Serikali ilipoamua kuwapa uraia, mpango wa kwanza ulikuwa watawanyishwe mikoa mingine na makazi yafungwe. Ukakwama. Vyeti vya watu kama 162,000 vilipotolewa mwaka 2014, sharti la kuhama lilikuwa limeachwa. Mtu aliyelima eneo miaka 40, ana kaburi la baba yake na mwembe aliopanda, hahami kwa waraka.

Tangi Moja

Kwa anayelenga Tabora, sahauni ushuru, hesabuni maji. Mvua ni moja kwa mwaka, Novemba hadi Aprili, halafu karibu miezi sita kavu. Bati la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 900, ukitoa asilimia 20 ya hasara, linakupa lita 43,200 kwa mwaka. Inasikika nyingi. Kaya ya watu 6, lita 20 kila mmoja, inatumia 120 kwa siku. Simtanki la lita 10,000 likiwa limejaa tarehe 1 Mei linaisha baada ya siku 83, yaani karibu tarehe 22 Julai. Kufika mwisho wa Oktoba unahitaji lita kama 22,000, na hapo hujamwagilia hata mche wa mpapai.

Visima vifupi vya mabondeni navyo vikaguliwe Septemba au Oktoba, kinyume na ziwa la Mpimaji. Kisima chenye maji Machi hakijathibitisha chochote.

Na hapa siasa na tabianchi zinakutana: maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora, Nzega na Igunga, mradi ukazinduliwa Januari 2021, ukame ulibaki uleule, ila kiwanja kilicho jirani na bomba na kilicho mbali nalo vikawa vitu viwili tofauti. Kabla ya kununua, uliza mamlaka ya maji bomba la karibu liko mita ngapi na ni la inchi ngapi. Dalali atakwambia "maji yapo jirani". Jirani yake huwa ni kilomita mbili.

Daftari la Ushuru

Sawa, nakubali kwamba kaya haihami kwa ushuru. Ila mtaji unahama, na kaya hufuata mtaji baadaye. Soko likihamia ng'ambo ya geti, fundi baiskeli na mama lishe watalifuata ndani ya misimu miwili.

Mrina Asali

Kwa wanaohamia vijijini na mifugo au kwa kilimo, kabla hamjafika kwenye soko la Daftari, hatua ni hizi. Omba kwa Halmashauri ya Kijiji kwa maandishi. Kwa asiye mkazi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka saini za wakazi wasiopungua watano wasio ndugu zako. Ombi lipite Mkutano Mkuu wa Kijiji, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uone ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji, na ofisi ya TFS, wakala wa misitu, uone mpaka wa msitu. Ng'ombe wasiguse barabara bila kibali cha kusafirisha mifugo.

Inapoharibika huwa ni hapa: mwenyekiti anagawa eka 30 kwa karatasi yenye muhuri, mkutano mkuu haukukaa, na nusu ya eka ziko ndani ya hifadhi ya msitu. Mgeni analima misimu miwili, doria inakuja, mahindi yanafyekwa, na mwenyekiti aliyepiga muhuri muda wake umeisha.

Mpimaji wa Ujiji

Ongeza na GPS kwenye hatua ya TFS. Simu ya kawaida inakosea mita 5 hadi 10, inatosha kujua uko upande gani wa mpaka kama shamba liko mbali na mstari. Likiwa chini ya mita 50 kutoka mstarini, lipa mpima aliyesajiliwa aje na vifaa, na bikoni, yaani alama za mpaka, zionekane kwa macho kabla pesa haijatoka.