Maboga yenye mimea hai juu yake, mnafanyaje?

mama_watatu: Jamani habari zenu. Niko Minneapolis, Marekani, huku majani yanapukutika na kila nyumba imeshaweka maboga mlangoni. Wengi wameyachonga macho na meno ya Halloween ila kuna jirani, yake yana mimea hai juu, ile midogo ya majani manene kama shubiri, mazuri balaa. Nataka nifanye na wanangu wikiendi hii. Nachonga boga najaza udongo napanda au kuna namna yake? Natamani yafike Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba.

fundi_bustani: Dada, ukichonga usahau Novemba. Boga likishatobolewa ukungu unaingia, ndani kuna unyevu na sukari, ndani ya wiki hivi linaanza kunywea, na ukijaza udongo mbichi ndo unaliozesha mapema zaidi. Hayo ya jirani yako nina uhakika hayajachongwa. Chukua boga zima lisilo na jeraha, bapa kidogo juu, ile aina nyekundu ya Cinderella inafaa sana. Osha, kausha kabisa, puliza gundi kuzunguka kikonyo ubandike mosi (moss), ile mimea midogo ya kijani inayoota kama zulia, kavu inauzwa kwenye mifuko maduka ya sanaa. Vikonyo vya mimea ukate siku mbili tatu kabla ili kidonda kikauke, halafu unavishika kwenye mosi kwa tone la gundi ya moto, ile ya vijiti. Haiui mmea, mizizi inatokea pembeni inaingia kwenye mosi yenyewe. Maji ni kupulizia tu mara moja kwa wiki, yasituame kwenye kikonyo maana hapo ndo kuoza kunapoanzia. Likikaa vizuri linavuka hata Krismasi, likilainika unakata kile kipande cha juu unakipanda kwenye chungu na mimea yake.

msafiri254: Ni poa lakini amesema Minneapolis jameni, huko Oktoba baridi ya kugandisha ishafika. Echeveria, moja ya hiyo mimea ya majani manene, ikilala nje usiku mmoja wa hivyo asubuhi unapata imekuwa uji. Ama uingize ndani jioni, ama utafute sempervivum, nazo ni za majani manene, hizo zinavumilia hata theluji. Na watoto watataka kuchonga, usiwanyime. Wachonge lao, tena siku chache tu kabla ya tarehe 31, siku ya Halloween. Kata mdomo mpana juu, kwangua nyama yote, toboa mashimo chini, halafu ingiza ua la chrysanthemum likiwa na chungu chake cha plastiki, usilitoe. Boga likioza unatupa boga, maua yanabaki.

bi_shamba: Mie nikiona maboga yanabandikwa gundi roho inaniuma. Nyumbani hilo ni futari, limepikwa na nazi, na majani yake ni mboga.

fundi_bustani: Bi shamba shikamoo 😂 hayo makubwa ya kuchongwa hata ukiyapika yana maji mengi na nyuzinyuzi, ladha hakuna. Ya kula ni yale madogo ya pai. Mbegu ndo zisitupwe, osha, kausha, chumvi kidogo, tia oveni.

mama_watatu: Marahaba ya bi shamba mtaipata tu 😂 Basi nitafanya yote mawili, zima la ndani na la watoto la nje. Ila kindi wa hapa mtaani wameshatafuna la jirani wa pili, hao nawafanyaje?

msafiri254: Wanafuata mbegu na ile nyama, ndio maana la kuchongwa ndilo wanalolimaliza kwanza. Watu hunyunyiza pilipili ya unga kwa ngozi ya boga, mvua ikinyesha unarudia. Lakini usiweke karibu na mimea, na watoto wasiguse halafu wapanguse macho.