Ifakara nimechimba mita 11 sijagusa mwamba, na milima ya Udzungwa ile pale. Kwa nini?

Fundi Kisima:
Wakuu, habari za jioni. Nachimba visima kwa mkono. Mwezi uliopita nilikuwa Mang'ula, chini kabisa ya mlima: mita 4 tu sululu ikagonga jiwe, kazi ikaishia hapo. Sasa niko Ifakara, nimeshuka mita 11. Udongo mweusi wa mfinyanzi, mchanga, udongo tena, halafu kokoto za mviringo kama mayai ya kwale. Mwamba umeenda wapi?

Mwalimu wa Jiografia:
Fundi, mwamba upo, umezama. Huku kwetu ganda la dunia linavutwa pande mbili, bamba (kipande kikubwa cha ganda hilo) la Nubia magharibi na la Somalia mashariki, milimita chache kwa mwaka. Likipasuka, upande mmoja hubaki juu, wa pili hudidimia. Udzungwa ndio uliobaki juu, kilele chake Luhombero kinapita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ifakara haifiki mita 300. Ule ukuta unaouona njiani kutoka Kidatu ndio ukingo wa ufa wenyewe.

Bonde lililodidimia limejazwa na mito. Mto Lumemo ukishuka mlimani una nguvu ya kusukuma mawe. Ukifika tambarare unachoka. Unaacha kokoto kwanza, kisha mchanga. Tope laini husafiri na mafuriko, likatuama maji yakitulia. Kwa hiyo palipo na kokoto, mto ulipita hapo zamani. Palipo na udongo mweusi, mafuriko yalilala.

Binti wa Mang'ula:
Shikamoo mwalimu. Shuleni tuliambiwa mabamba yakigongana ardhi inakunjamana, kama Himalaya. Huku ni kinyume?

Mwalimu wa Jiografia:
Marahaba mwanangu. Udzungwa imepitia yote mawili. Jiwe lake lilipikwa chini sana, mabara ya kale yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Milima ya wakati ule ililika ikaisha. Ufa umekuja baadaye mno, ukaipandisha mizizi yake. Nenda mtoni Sanje, okota jiwe, lilowanishe: utaona mistari myeupe na myeusi imepindapinda. Mikunjo ile ni ya mgongano huo, si ya ufa.

Fundi Kisima:
Mwalimu, asante sana. Asubuhi nimeosha mchanga wa mita 9 kwenye beseni. Unametameta ulanga, yale madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, sawasawa na ule niliotupa Mang'ula nikidhani ni uchafu! Kwenye kokoto maji yanaingia kwa kasi. Naishia hapo hapo, kesho naweka ringi za zege.